Kigwe Ndani ya Mshono

Wako watu wanaoutazama mto wa kitini, au mkoba wa kitambaa, wakiona uzi mnene uliovikwa nguo umezunguka ukingoni, husema, "Hilo ni pambo tu." Neno hili tumelisikia mara nyingi, hata kwa wazee wa kanisa wenye hekima, walipoulizwa kama yafaa wasichana wafundishwe kazi hiyo, maana yala nguo na yala saa. Sisi twaona kwamba hawakukosa kusema ni pambo. Wamekosa kusema "tu". Kigwe kile kilitiwa mshononi kwanza kwa ajili ya nguvu, na uzuri ulifuata nyuma yake. Hata uzuri ulipokuja mbele, katika nchi za Ulaya, yalitokea mambo ambayo kila mshonaji yampasa kuyajua, maana yalihusu chakula cha watu.

Msomaji wa Biblia amekwisha kukutana na jambo lililo karibu sana na hili, ila labda alipita upesi. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 28, yaelezwa joho la kuhani Haruni. Katikati yake palikuwa na tundu la kupitisha kichwa, na tundu lile lilizungushiwa ukingo uliofumwa. Na sababu imeandikwa papo hapo, ndiyo kwamba nguo isiraruke. Chini, penye pindo, palitiwa kengele za dhahabu na makomamanga ya nyuzi za rangi, wala hatuwezi kusema hayo hayakuwa mapambo. Lakini shingoni, mahali ambapo nguo huvutwa kila inapovaliwa, neno lililotajwa ni nguvu.

Mafundi wa kanzu wa pwani wanalijua jambo hili bila kufundishwa na mtu wa Ulaya. Shingoni na kifuani penye mpasuo ndipo wanapozidisha mishono, kwa kuwa ndipo panapokwisha mapema. Neno kigwe lenyewe ni la kwetu: ni kamba nyembamba iliyosokotwa au kusukwa, na hatamu ya punda nayo huitwa kigwe. Basi hatukuazima jina. Tuliloazima ni desturi ya kukivika kigwe nguo na kukificha mshononi, nusu ndani nusu nje.

Yafaa tueleze kazi yenyewe, maana asiyeielewa hataielewa habari yake. Nguo yoyote iliyofumwa ina nyuzi za mtande, ziendazo urefu, na nyuzi za mshindio, ziendazo upana. Ukiivuta nguo kwa urefu, haitoki mahali pake. Ukiivuta kwa upana, hutoka kidogo sana. Lakini ukiivuta kwa mshazari, toka pembe hata pembe, hunyumbuka, kwa sababu nyuzi zenyewe hazivutwi, ila vile vyumba vidogo vilivyo kati yao hugeuka umbo. Ndiyo sababu utepe wa kukivika kigwe hukatwa kwa mshazari. Utepe uliokatwa sawa na mtande ukifika pembeni mwa mto hukunjamana kama ngozi ya kobe, bali ule wa mshazari hupinda na kulala.

Utepe huo ukiwa na upana wa inchi moja na nusu watosha kwa kigwe chembamba. Mto wa inchi 18 kila upande una ukingo wa inchi 72, yaani wari 2 kamili, na inchi chache za kuungia. Kwa hesabu, kipande cha nguo cha inchi 12 kwa 12 chatoa inchi 96 za utepe, ila kwa kuwa vipande vya mshazari lazima viungwe kimoja kwa kimoja, nyingine hupotea katika maungo. Kigwe chenyewe kikiwa cha pamba, kwanza kichovywe katika maji ya moto na kuanikwa. Asiyefanya hivyo atashona mto mzuri, naye siku ya kuufua kwanza atauona umejikunyata pande zote nne, kwa kuwa kigwe kimerudi na nguo haikurudi.

Kisha utepe hukunjwa juu ya kigwe, upande wa sura ukiwa nje, na kushonwa karibu nacho sana. Hapo kigwe kilichovikwa huwekwa juu ya sura ya kipande cha kwanza cha mto, kingo zote mbichi zikielekea nje, kikashikizwa kwa bandi. Penye pembe, ukingo wa utepe hukatwa vijichale vitatu au vinne, visifike kwenye mshono, ili upate kufunguka na kuzunguka. Ndipo kipande cha pili huwekwa juu, sura kwa sura, na yote hushonwa pamoja, sindano ikipita karibu na kigwe kuliko mshono wa kwanza, usije ukaonekana nje. Mwisho mto hugeuzwa. Mahali kigwe kinapokutana na mwanzo wake, kamba hukatwa ncha kwa ncha, na utepe wa mwisho hukunjwa na kuufunika ule wa mwanzo. Penye maungo hayo ndipo fundi ajulikanapo.

Na faida yake? Chukua mkoba usio na kigwe, uutumie mwaka mmoja wa kwenda sokoni na kanisani. Utaona kwamba hauchakai katikati ya kitambaa, bali huchakaa ukingoni, pale nguo ilipokunjwa, na uzi wa mshono uliofichwa chini ya mkunjo ule huanza kuonekana, hata siku moja hukatika na vitu humwagika njiani. Mkoba wenye kigwe una tuta dogo lililosimama juu ya mshono. Tuta lile ndilo lisuguliwalo na ukuta na meza na nyonga ya mwenye mkoba. Utepe ukiisha, hufumuliwa na kuvikwa mwingine, na mkoba wadumu. Kwa mito iliyojazwa sufi iko faida tena. Sufi ni nyepesi na laini mno, nayo hutafuta njia ya kutoka kila mshono unapofunguka kidogo. Kigwe kilichobanwa kati ya nguo mbili huuziba ufa ule.

Watu wa kwanza kulifahamu jambo hili katika Ulaya walikuwa mafundi wa ngozi. Watengenezaji wa viatu, matandiko ya farasi na mifuko ya safari walikuwa na desturi ya kutia ukanda mwembamba wa ngozi kati ya vipande viwili kabla ya kushona, ili uzi usiguswe na miamba wala mvua. Kwa washonaji wa nguo kazi hii ilienea sana Uingereza na Marekani katika miaka ya 1830 na iliyofuata. Magauni ya siku zile yaliyohifadhiwa katika majumba ya makumbusho yana kigwe chembamba kama uzi wa kitani, kimetiwa shingoni, kiunoni, na mahali mkono unapoungana na bega. Gauni la siku zile lilibana sana mwili, na mshono wa bega ulivutwa kila mara mwanamke alipoinua mkono. Na kazi hii yote ilikuwa ya mkono, hatua kwa hatua, penye mwanga wa dirisha au wa mshumaa.

Hapo nguo ilikuwa imekwisha kuwa rahisi. Mashine za kusokota za James Hargreaves, Richard Arkwright na Samuel Crompton, zilizobuniwa kati ya 1764 na 1779, na ile ya Eli Whitney ya kutenga mbegu na pamba, ya mwaka wa 1793, zilifanya kitambaa cha pamba kipatikane na maskini. Tusisahau kwamba pamba ile ya Marekani ililimwa na watumwa hata vita vyao vilipokwisha mwaka wa 1865. Mtu ambaye nguo yake ni ghali hathubutu kuikata kwa mshazari, maana hupata vipande vya pembetatu visivyofaa kitu. Kigwe cha nguo kilienea kwa wengi kitambaa kiliposhuka bei.

Lakini mashine zilisokota na kufuma, hazikushona. Kitambaa kilitoka kiwandani kwa maelfu ya wari, kikafikia mkono wa mwanamke mmoja mwenye sindano moja. Wenye maduka walitaka nguo nyingi upesi, nao walilipa kwa kila kipande, si kwa saa. Katika mwaka wa 1843 huko Lambeth, London, mjane mmoja alishtakiwa kwa sababu aliziweka rehani nguo za bwana wake alizopewa kuzishona, apate kuwalisha watoto wake. Ikajulikana barazani kwamba alilipwa peni 7 kwa suruali moja. Mshairi Thomas Hood aliposikia alitunga shairi juu ya washonaji maskini, likachapishwa mwishoni mwa mwaka ule ule, na watu wengi wakaona haya.

Sasa mtu aliyeelewa maelezo yetu ya juu ahesabu mwenyewe. Mto usio na kigwe una mshono mmoja wa kuzunguka. Mto wenye kigwe una mshono wa kukivika, na bandi ya kukishikiza, na mshono wa kufunga. Ukingo ule ule huzungukwa mara tatu. Ikiwa mnunuzi anataka kigwe, na bei haiongezeki, anayekilipia ni yule mwenye sindano, kwa usingizi wake. Twaamini hapa ndipo lilipo jambo lenyewe, kuliko katika swali la kama kigwe ni pambo au si pambo.

Wavumbuzi walikuwa wamekwisha kuanza kutafuta cherehani. Fundi mmoja wa Ufaransa, Barthélemy Thimonnier, alipata hati ya uvumbuzi mwaka wa 1830, akawa na mashine 80 katika karakana ya Paris zikishona nguo za askari. Mwaka wa 1831 mafundi wa sindano, wakiogopa kukosa kazi, waliingia wakazivunja. Naye alikufa maskini mwaka wa 1857. Mmarekani Walter Hunt alibuni mashine yake karibu na mwaka wa 1834, lakini hakuiombea hati wakati ule. Yasimuliwa kwamba binti yake alikataa kuitumia, akihofu kuwanyang'anya washonaji riziki. Hatuwezi kuwacheka hao, wala yule binti wala wale waliovunja.

Elias Howe ndiye aliyefaulu. Katika mwaka wa 1845 aliionyesha cherehani yake mjini Boston mbele ya watu, akashindana na wanawake watano wenye ujuzi wa sindano, akawashinda wote. Hati yake ilitolewa mwezi wa Septemba, 1846. Hata hivyo hakuna aliyeinunua huko kwao. Ndugu yake Amasa aliichukua mashine hata London, na aliyeinunua kwa pauni 250 alikuwa William Thomas wa mtaa wa Cheapside. Wasomaji wataka kujua mtu huyo alifanya biashara gani? Alitengeneza mavazi ya kubana kiuno, na miavuli, na viatu, na mifuko ya safari. Ilikuwa zamani za kuenea reli. Tangu njia ya gari moshi kati ya Liverpool na Manchester ilipofunguliwa mwaka wa 1830, watu wengi walisafiri ambao baba zao hawakusafiri, na kila msafiri alihitaji mfuko. Mifuko mingi ilikatwa katika mazulia ya zamani, nguo nene kama ubao, ambayo kuishona kwa mkono huumiza kidole hata kama kimevaa subana. Basi si ajabu kwamba mwenye kazi ya mifuko aliona faida ya cherehani kabla ya wengine.

Howe mwenyewe alikwenda London kumfanyia kazi Bwana Thomas kwa pauni 3 kila juma, wakagombana. Alirudi kwao mwaka wa 1849 akiwa ameziweka rehani hati zake na mfano wa mashine yake, akamkuta mke wake karibu na kufa. Baadaye alipata mali nyingi, kwa kuwa Isaac Singer, aliyetoa cherehani yake bora mwaka wa 1851, alilazimishwa na sheria kumlipa kwa ajili ya uvumbuzi ule.

Mtengenezaji mmoja wa vyerehani wa Marekani alitangaza hesabu: shati la kiume kwa mkono, saa 14 na dakika 26, kwa cherehani, saa 1 na dakika 16. Mtu angefikiri kwamba tangu siku ile washonaji walilala mapema. Haikuwa hivyo. Malipo ya kila kipande yalishuka, na wanunuzi wa magauni, walipoona kwamba mshono umekuwa rahisi, walitaka mishono mingi zaidi: marinda, tepe, vigwe mahali pasipovutwa na kitu. Cherehani ziliuzwa pamoja na viguu vidogo vya chuma vya kubadilishwa, kimoja cha kupinda upindo, kingine cha kukunja utepe, na kingine chenye mfereji wa kupitisha kigwe. Kwa viguu hivi mtoto wa miaka kumi na miwili aliweza kuzungusha kigwe ambacho mama yake alikitia kwa siku nzima. Hapo ndipo kigwe kilipokuwa pambo, nasi twakiri kwamba wale wazee wetu wa kanisa, kama wangaliishi London mwaka wa 1870, wangalikuwa na haki katika maneno yao.

Huku kwetu nguo ilikuja kwa njia ya merikebu. Wafanya biashara wa Salem, Marekani, walileta Unguja nguo nene isiyochemshwa iliyofumwa katika viwanda vya kwao. Baada ya mapatano ya mwaka wa 1833 kati ya Sayyid Said na mjumbe wao, biashara hiyo ilistawi hata nguo yenyewe ikaitwa marekani, jina ambalo halijafutika. Vita vyao vya 1861 hata 1865 viliikata, na nguo za Uingereza na Bara Hindi zikachukua nafasi. Barani ilikuwa nguo na fedha pamoja: kwa mikono na pande na doti walilipwa wapagazi, na kwa hizo ilinunuliwa pembe. Nani angaliikata fedha kwa mshazari? Ndiyo sababu kanzu ya zamani hukatwa kwa akili nyingi, badani na taharizi zikipangwa hata kisibaki kipande cha kutupa.

Mabibi wa misioni walileta sindano za shuleni. Askofu Tozer alinunua shamba la Mbweni, Unguja, mwaka wa 1871. Soko la watumwa lilifungwa mwaka wa 1873, na watu waliokombolewa baharini walikaa Mbweni wakajengewa nyumba na kanisa. Bibi Caroline Thackeray alifika mwaka wa 1877, akaiongoza shule ya wasichana hata 1902. Wasichana wale walisoma na kuandika, wengine wakawa waalimu, na kushona kulikuwa kazi ya kila siku. Wako wanaolaumu shule za zamani kwamba ziliwafundisha wanawake sindano kupita kitabu, na lawama hiyo ina kweli ndani yake. Walakini msichana aliyeuzwa kwa doti kadha wa kadha za nguo, kisha akapewa nguo na mkasi na kuambiwa, "Kata wewe," alipokea kitu ambacho hatukipimi kwa wari.

Cherehani zikafuata. Kiwanda cha Singer cha Clydebank, Scotland, kilichofunguliwa mwaka wa 1885, kilitoa zaidi ya cherehani milioni moja katika mwaka wa 1913 peke yake, na mashine nyeusi yenye maandishi ya dhahabu ikaonekana barazani mwa maduka toka Mombasa hata Ujiji. Kiwanda kile kilifungwa mwaka wa 1980. Mashine zake nyingine zingali zikikanyagwa kwa miguu.

Jambo moja zaidi la Ulaya tulitaje, kwa kuwa lahusu nyumba ya Mungu. Kati ya mwaka wa 1931 na 1936 Bibi Louisa Pesel, fundi mkubwa wa sindano, aliwakusanya mamia ya watu katika mji wa Winchester, Uingereza, wakashona kwa mkono mito ya kupigia magoti zaidi ya 300, na mito ya viti, na mifuko ya sadaka ya kanisa kuu la mji ule. Cherehani zilikuwako majumbani mwao. Walichagua mkono, na hawakulipwa, wala hakuna aliyewalazimisha. Mito yao imedumu. Saa zao zilikuwa nyingi kama zile za mjane wa Lambeth. Tofauti ni kwamba walikuwa wamekwisha kula.

Siku hizi vikundi vya wanawake, Unguja na bara, hushona mikoba na mito ya kanga na kitenge wakiwauzia wageni na watu wa mjini. Wengi wao hutia kigwe, nasi twaupenda utepe mwekundu juu ya kitenge cha samawi kama mtu yeyote. Ila tumeona katika kikundi kimoja bei ikiwekwa kwa kupima kitambaa cha nje peke yake, kigwe na utepe na ule mzunguko wa pili na wa tatu vikitolewa bure. Mnunuzi akiuliza kwa nini mkoba huu umezidi ule wa jirani, mshonaji na augeuze nje ndani, amwonyeshe kwa kidole: mshono wa kukivika kigwe ni huu, mshono wa kufunga ni huu, na nguo iliyokatwa mshazari ni hii.